Barua ya wazi: Kusini tunahitaji mtu wa kuipima sauti inayotibu

Kwa Waheshimiwa Wakuu wa Mikoa ya Mtwara na Lindi, Makatibu Tawala na Waganga Wakuu wa Mikoa, Waheshimiwa Wabunge na Madiwani wetu, na Wizara ya Afya, Dodoma.

YAH: AJIRA YA MWANAFIZIKIA TIBA WA ULTRASAUNDI KWA MIKOA YA KUSINI

Tafadhali rejeeni kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mtaalamu wa fiziotherapia. Nilizaliwa Newala, nikasoma Masasi, na karibu maisha yangu yote ya kazi yamekuwa kwenye hospitali za mikoa hii miwili. Nawaandikia hadharani kwa sababu jambo lenyewe halina ofisi. Nikilipeleka kwa wahandisi vifaa tiba, wananiambia, na wana haki, kwamba wao hutengeneza mashine ikiharibika na hawana kifaa cha kupima kinachotoka ndani yake. Nikilipeleka kwa wenzetu wa radiolojia, wanasema ya kwao ni picha. Mtu ambaye hii ndiyo kazi yake anaitwa mwanafizikia tiba. Ombi langu ni kwamba apatikane mmoja, akae kusini, na ultrasaundi iandikwe wazi kwenye majukumu yake.

Wengi wakisikia ultrasaundi wanafikiria mama mjamzito na picha ya mtoto kwenye kioo. Hiyo ni ya uchunguzi. Ninayoitumia mimi haina picha. Kazi yake ni kupeleka nishati ndani ya mwili: kupasha moto msuli uliokakamaa, kulegeza kovu, kutuliza maumivu. Sikio la binadamu linaishia kwenye mitetemo 20,000 hivi kwa sekunde. Kichwa cha mashine ninachokishika mkononi kinatetemeka mara milioni moja au milioni tatu kwa sekunde. Napaka jeli kwanza, kwa sababu hata tabaka jembamba la hewa kati ya kichwa na ngozi linatosha kuirudisha sauti karibu yote ilikotoka. Kisha naweka kiwango, tuseme wati moja kwa kila sentimita ya mraba, au nusu ya hapo, na nazungusha kichwa taratibu juu ya bega au goti kwa dakika tano hivi.

Sasa, kiwango kile kinachosomeka kwenye kioo ni kile ambacho mashine imeagizwa itoe. Kinachotoka kweli ni habari nyingine. Ndani ya kichwa kuna kipande cha seramiki kinachotetemeka umeme unapopita, na kipande hicho kinazeeka. Gundi inayokishika inaachia. Kichwa kinaanguka sakafuni, maji yanapenya, waya unalegea. Kioo hakijui lolote kati ya hayo. Kinaendelea kuonesha namba ile ile. Katika nchi mbalimbali, Uingereza ikiwamo, wataalamu wamepita hospitali hadi hospitali wakiwa na vipimo na kukuta mashine nyingi za fiziotherapia zikitoa zaidi au pungufu ya zinachoonesha, baadhi kwa tofauti kubwa kabisa.

Kwetu, katika vyumba vyote nilivyowahi kufanya kazi, sijaona mtu akiingia na kifaa cha kupima. Tulichonacho ni jaribio la maji. Unakigeuza kichwa uso juu, unadondoshea matone ya maji, unapandisha kiwango. Maji yanaanza kutetemeka, yanachemka bila moto, mengine yanaruka kama mvuke. Yakicheza hivyo, tunasema mashine nzima. Ndivyo nilivyofundishwa, na ndivyo ninavyowafundisha wanafunzi wanaokuja kwa mafunzo ya vitendo, kwa sababu ni bora kuliko kutopima kabisa. Lakini maji hayawezi kukuambia kama ni nusu wati au ni wati mbili. Yanakuambia tu kwamba kuna kitu kinatoka.

Alikuja mama mmoja kutoka upande wa Tandahimba, mbanguaji wa korosho, bega la kulia limekaza hata kitambaa cha kichwa hawezi kujifunga mwenyewe. Nikaweka kiwango cha chini, kama kawaida ya mgonjwa mpya. Haikupita hata dakika, akavuta bega. "Mwanangu, inachoma ndani, kwenye mfupa." Nikazima papo hapo. Maumivu ya namna hiyo sisi tunayajua: mfupa hunywa sauti kuliko nyama, na ngozi yake ya juu ndiyo ya kwanza kulalamika joto likizidi. Kwa kiwango kile hayakupaswa kutokea. Mashine ikaenda kwa fundi, ikakaa huko, ikarudi na stika mpya ubavuni ikisema imefanyiwa matengenezo. Namba hata moja haikuandikwa: haikusema ilikuwa inatoa kiasi gani ilipokwenda, wala inatoa kiasi gani iliporudi. Yule mama naye akarudi baada ya msimu, bega bado linasumbua, na swali lake la kwanza baada ya shikamoo na marahaba lilikuwa, "Haya, na mashine yenu, imepona?"

Sikuwa na jibu la kumpa, na mpaka leo sina. Alilipa nauli ya kwenda na kurudi, aliacha kazi yake, alikaa kwenye benchi tangu asubuhi. Kama mashine ile iliporudi ilikuwa inatoa robo tu ya inavyoonesha, basi kila aliyelala kwenye kitanda kile alipakwa jeli akapapaswa, akaambiwa ametibiwa.

Waheshimiwa, mikoa hii inaelewa maana ya kupima kuliko mingi. Kabla ya minada ya korosho, Wakala wa Vipimo hukagua mizani za vyama vya msingi, na mkulima wa Nanyamba au Ruangwa akiona mizani haina stika ya ukaguzi anasema, tena kwa sauti. Hakuna kati yenu ambaye angekubali kilo za mkulima zisomwe kwenye mizani ambayo haijaguswa na mkaguzi tangu iliponunuliwa. Bega la mbanguaji wa korosho hiyo hiyo linasubiri haki ya namna hiyo.

Tena kifaa cha kuipima sauti ya tiba chenyewe ni mizani. Sauti inasukuma. Ukiielekeza ndani ya maji kwenye kipande cha mpira maalumu kinachoimeza, kila wati moja inakisukuma kipande hicho kwa nguvu sawa na uzito wa miligramu 68 hivi. Kwa hiyo ukiwa na beseni la maji yaliyotolewa hewa, kipande cha kumeza sauti, na mizani nyeti ya maabara inayosoma miligramu, unasoma uzito na kuugeuza kuwa wati. Mashine inasema tano, mizani inasema tatu: umeshajua. Ukitaka kwenda mbali zaidi, kuna haidrofoni, kipaza sauti kidogo cha ndani ya maji, ambacho kinasogezwa hatua kwa hatua mbele ya kichwa cha mashine na kuchora ramani ya sauti, kuonesha wapi ni kali na wapi ni dhaifu. Vitu hivi ni bei ndogo mno ukilinganisha na mashine kubwa ambazo Serikali imekwisha kuzileta kwenye hospitali za rufaa za mikoa, CT-Scan zikiwamo, na kwa hizo nashukuru kwa dhati.

Kinachokosekana ni mtu. Na ningependa mumwone mtu huyo anavyokuwa, kwa sababu nikisema "mwanafizikia" vikaoni naona watu wanafikiria mwalimu wa sekondari na chaki.

Wanafunzi wangu huniuliza kwa nini tunawakataza kukituliza kichwa cha mashine mahali pamoja. Jibu lake lilitoka kwenye mayai ya kuku. Mwaka 1974, Mary Dyson na wenzake wa Guy's Hospital, London, walichapisha walichokiona walipoelekeza ultrasaundi kwenye viinitete vya vifaranga, ambavyo mishipa yake ya damu unaweza kuiangalia kwa darubini. Wimbi linalokwenda likikutana na wimbi linalorudi, sauti inasimama, na chembe za damu zikasimama nayo: zilijipanga kwa mistari ndani ya mshipa, mstari hadi mstari nusu ya urefu wa wimbi. Kwa mitetemo milioni tatu kwa sekunde, hiyo ni kama robo ya milimita. Damu ilikuwa imegoma kupita. Sauti ilipozimwa ilianza kutembea tena, ila kuna mahali ukuta wa ndani wa mshipa ulikuwa umeumia. Mwaka 1978 mwanafizikia kijana, Gail ter Haar, pamoja na S. J. Wyard, wakachapisha hesabu zinazoeleza kwa nini chembe zinajipanga hivyo. Kila ninapozungusha kichwa cha mashine juu ya goti la mzee wa Mikindani natii matokeo ya kazi ile.

Ter Haar aliendelea na sauti maisha yake yote ya kazi, sehemu kubwa akiwa Institute of Cancer Research, pale Sutton, kusini mwa London. Swali lake kubwa lilikuwa hili: kama sauti inapasha moto, je, inaweza kukusanywa mahali pamoja ndani ya mwili ikaunguza uvimbe, bila kisu na bila kuidhuru ngozi inamopita? Kichwa cha mashine kinatengenezwa na mbonyeo, kama bakuli, mawimbi yanakutana mbele yake kwenye kitovu chenye upana wa milimita moja au mbili na urefu wa sentimita moja hivi. Hapo kwenye kitovu ukali wa sauti unafika maelfu ya wati kwa sentimita ya mraba, nyama inapanda kupita nyuzijoto 56 ndani ya sekunde chache, inakufa. Milimita chache pembeni seli ziko hai.

Kabla ya mgonjwa yeyote kuna miaka ya beseni la maji na ini la ng'ombe. Ndivyo maabara za fani hii zinavyofanya kazi duniani kote: ini bichi linawekwa ndani ya maji, linapigwa sauti, linakatwa, na ndani ya ile nyama nyekundu nyeusi kuna alama nyeupe iliyoiva. Mtafiti anaipima upana, urefu, kina. Anabadilisha kiwango, anapiga tena, anapima tena. Ini tunalo kwenye kila bucha kuanzia Mtwara mjini hadi Nachingwea. Nasema hivi kwa makusudi, kwa sababu najua mtakaposikia "utafiti" mtaona jengo la mabilioni. Taaluma hii huanza na maji, kipimajoto, mizani, na mtu anayejua hesabu na asiyechoka kurudia.

Na hachoki kweli. William na Francis Fry, ndugu wawili wa Chuo Kikuu cha Illinois, Marekani, katika miaka ya 1950 walitumia sauti iliyokusanywa kutibu sehemu ndogo ndani ya ubongo, ila walilazimika kwanza kuondoa kipande cha fuvu kwa sababu mfupa ulikuwa unaivuruga sauti. Mwaka 2016 Marekani iliidhinisha tiba ya kutetemeka mikono inayopita kwenye fuvu lililo zima. Helmeti ina vipande 1,024 vya kutoa sauti, na kila kimoja kinacheleweshwa kwa hesabu yake kulingana na unene wa mfupa kinaokabiliana nao, ili mawimbi yote yafike pamoja. Kati ya kile kipande cha fuvu na ile helmeti kuna miaka 60 ya wanafizikia wakipima.

Matokeo mengine mnayajua hata kama hamkujua yametoka wapi. Mwaka 1980, Munich, mgonjwa wa kwanza alivunjwa mawe ya figo kwa mawimbi ya mshtuko kutoka nje ya mwili. Mwaka 2004 Marekani iliidhinisha kuunguza kwa ultrasaundi uvimbe wa fibroidi kwenye kizazi, ugonjwa unaowapata zaidi wanawake weusi, na ambao kwa dada zetu wengi wa huku maana yake bado ni kufanyiwa upasuaji. Oktoba 2023 ikaidhinishwa histotripsi kwa uvimbe wa ini: hapo sauti haiunguzi, bali inatengeneza vipovu ambavyo vinapanuka na kupasuka kwa kasi mno hadi nyama ya uvimbe inasagika na kuwa uji, ambao mwili unauondoa wenyewe.

Siombi mashine hizo. Naomba mnielewe vizuri hapa, maana ombi la mtumishi likifika mezani huwa linasomwa kama ombi la mashine. Mashine ya namna hiyo ikiletwa kesho bila mwanafizikia itakaa kwenye boksi, au itawashwa na mtu asiyejua inachofanya. Na katika mambo mawili hayo, la pili ndilo linaloniogopesha.

Mwanafizikia pia atawaambia msinunue nini, na hili waheshimiwa wa fedha walisome mara mbili. Vijana wetu wa bodaboda wanavunjika miguu kila wiki. Wodi za mifupa zinajua. Kwa miaka mingi kulikuwa na mashine ndogo za ultrasaundi ya kiwango cha chini, miliwati 30 kwa sentimita ya mraba, dakika 20 kila siku, zikiuzwa kwa maelezo kwamba zinaharakisha mfupa kuunga. Marekani ilizikubali tangu mwaka 1994. Kisha mwaka 2016 yakachapishwa matokeo ya jaribio kubwa, wagonjwa 501 waliovunjika mfupa wa ugoko na kuwekewa chuma. Wengine walipewa mashine yenyewe, wengine mashine inayofanana nayo ambayo haitoi kitu, na hakuna aliyejua yake ni ipi. Haikuonekana tofauti, si kwenye kupona wala kwenye picha za mfupa. Muuzaji hawezi kuja Mtwara na habari hiyo. Mtu wa kuja nayo ni mtaalamu mwenye mshahara wa Serikali, anayesoma, na asiyelipwa kwa kuuza.

Nitasema jambo hata kuhusu mashine yangu mwenyewe. Kwa magonjwa mengi tunayoitumia, ushahidi kwamba inasaidia kuliko mazoezi peke yake ni hafifu. Tafiti nyingi zilizofanywa zina kasoro, na moja ya kasoro zinazolalamikiwa ni kwamba kipimo alichopewa mgonjwa hakikujulikana kwa uhakika. Nikiwa na mashine iliyopimwa, naweza kuwalinganisha wagonjwa wangu waliopata mazoezi pekee na waliopata mazoezi pamoja na sauti, na kuwaambia ukweli utakaotokea. Ikionekana haisaidii, tutaiacha, na dakika tano zile nitampa mgonjwa afanye mazoezi nikimsimamia. Bila kupima siwezi kuitetea wala kuiacha kwa dhamiri safi.

Najua jibu litakalonijia, kwa sababu nimelisikia: zahanati hazina wauguzi, wewe unataka mwanafizikia. Nauheshimu ugumu huo, maana nafanya kazi ndani yake. Lakini hesabuni vifaa. Ultrasaundi za fiziotherapia ni sehemu ndogo. Kuna ultrasaundi za uchunguzi zinazoendelea kusogezwa hadi vituo vya afya, na zenyewe zina namba mbili kwenye kioo, moja ya joto na moja ya athari ya vipovu, ambazo zimewekwa pale ili mtumiaji asimpe mtoto aliye tumboni sauti kuliko inayohitajika. Kuna eksirei. Kuna CT-Scan, na huko ndiko dozi ya mionzi inahitaji kuangaliwa na mtu wa fani. Mwanafizikia mmoja mwenye gari na masanduku yake ya vipimo anaweza kuwa na kituo chake Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini pale Mitengo, kisha akawa na ratiba: Ligula, Sokoine ya Lindi, Ndanda, Nyangao, Masasi, Newala, Nachingwea, Kilwa. Awe anaacha karatasi yenye namba kila anapopita. Kazi yake haichukui nafasi ya muuguzi. Inamhakikishia muuguzi kwamba alichokishika kinafanya kinachosema.

Na tusiseme atatoka Dar es Salaam atakapohitajika. Wanafizikia tiba wengi wa nchi hii wako kwenye tiba ya mionzi ya saratani, Ocean Road na kwingineko, na kazi waliyonayo haiishi. Kati yao na sisi kuna zaidi ya kilomita 550. Mei 2024, mvua na Kimbunga Hidaya vilipoikata barabara pale Somanga, mikoa hii ilikaa peke yake; mafuta, chakula, wagonjwa wa rufaa, vyote vilikwama. Huduma inayotegemea mtu wa kuja kutoka ng'ambo ya Rufiji ina tabia ya kutokuja.

Atatoka wapi? Atatoka hapa hapa, na hili ndilo ninaloliandika kwa moyo zaidi. Nimealikwa mara kadhaa kuzungumza na wanafunzi wa sayansi wa kidato cha tano na cha sita. Nikiuliza nani anataka udaktari, mikono inajaa. Nikiuliza nani anataka fizikia, darasa linatazamana. Msichana mmoja wa PCM (fizikia, kemia na hisabati) aliniambia anaipenda fizikia kuliko masomo yote, ila nyumbani wamemuuliza ataishia wapi kama si kufundisha, na yeye hakuwa na la kuwajibu. Nikamweleza habari ya yale mayai na ile damu iliyojipanga mistari. Alinyamaza kidogo, kisha akauliza swali ambalo hata watu wazima hawajawahi kuniuliza: "Sasa, urefu wa mshipa ukiwa mdogo kuliko nusu ya wimbi, inakuwaje?" Mtoto huyo ni mtafiti tayari. Anachokikosa ni njia.

Njia ipo na inaelezeka. Shahada ya kwanza ya fizikia, na kwa wanaofaulu vizuri kidato cha sita kuna ufadhili wa Samia kwa masomo ya sayansi. Kisha uzamili wa fizikia tiba. ICTP, kituo cha kimataifa cha fizikia cha Trieste, Italia, kilichoanzishwa na Abdus Salam mwaka 1964, kwa kushirikiana na Chuo Kikuu cha Trieste kina programu ya uzamili wa fizikia tiba iliyowekwa mahususi kwa vijana wa nchi zinazoendelea. Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki linapendekeza baada ya hapo mafunzo ya vitendo hospitalini yasiyopungua miaka miwili chini ya msimamizi. Jumlisheni: tukianza na mwanafunzi aliyeko kidato cha sita leo, tutampata baada ya miaka minane au tisa. Ndiyo maana siwezi kukubali kusubiri bajeti ya mwaka mwingine, na mwingine.

Kwa hiyo naomba Waheshimiwa Madiwani wa halmashauri zetu, mnapokaa kugawa mapato ya ndani, ushuru wa mazao na ule wa huduma unaotokana na gesi, mtenge fungu la kumsomesha kijana mmoja kwa mkataba wa kurudi. Kwenye gesi ya Msimbati na Songo Songo mnajua watu wanaofanya kazi ya mabomba: katika sekta hiyo, unene wa bomba na uzima wa sehemu iliyochomelewa hukaguliwa kwa ultrasaundi, na anayekagua lazima awe na cheti na kifaa kilichohakikiwa. Hakuna anayebishana kuhusu gharama yake, kwa sababu bomba likipasuka kila mtu ataona. Mgonjwa wangu akiungua ndani, au asipotibiwa kabisa, hakuna atakayeona zaidi ya yeye na mimi.

Wizara ya Afya naiomba nafasi ya mwanafizikia tiba iingie kwenye ikama, yaani orodha ya nafasi za watumishi, ya Hospitali ya Kanda ikiwa na ultrasaundi kwenye maelezo ya kazi, si mionzi peke yake. Wakati kijana wetu anasoma, mtuletee aliyekwisha kuhitimu, hata kwa mkataba, aanze na beseni na mizani. Waganga Wakuu wa Mikoa nawaomba mtoe waraka kwamba mashine ya ultrasaundi ya tiba ikitoka kwa fundi isipokelewe bila karatasi inayoonesha wati zilizopimwa kwa kila kiwango. Hilo halihitaji bajeti, linahitaji saini. Na wasimamizi wa vyuo na shule za sekondari za Mtwara na Lindi zenye maabara za fizikia, kama kuna mwalimu mwenye mizani inayosoma miligramu na yuko tayari kuiazima, mimi nitaleta kichwa cha mashine, beseni na wanafunzi wangu, tuanze kujifunza huku tukisubiri.

Maandalizi ya ikama na bajeti za halmashauri yanafanyika kabla ya mwaka mpya wa fedha. Niko tayari kuitwa kwenye kikao chochote, Mtwara, Lindi au Dodoma, nije na mashine yenyewe. Naomba pia nijibiwe kwa maandishi, hata kama jibu ni hapana, likiwa na sababu zake, ili nijue pa kuanzia upya.

Wenu katika ujenzi wa Taifa,

Mtaalamu wa fiziotherapia,
Mtwara.

Nakala: Wakurugenzi Watendaji wa Halmashauri zote, Mikoa ya Mtwara na Lindi, Waganga Wafawidhi wa hospitali za rufaa, Wakala wa Vipimo, wakuu wa shule za sekondari zenye michepuo ya sayansi.